Nimeitwa kazi ya ushauri nasaha gerezani, wenye uzoefu naombeni mnifungue macho

Binti_Kilosa

Habari za saa hizi wakuu, shikamooni wote mlionizidi umri.

Nimemaliza digrii ya saikolojia, nikajitolea kidogo hospitali moja ya wilaya kitengo cha afya ya akili, sasa kuna shirika moja lisilo la kiserikali wameniita, wana mradi wa kuingia magerezani kufanya ushauri wa tabia kwa wafungwa na mahabusu, wengi ni vijana wa miaka 18 mpaka 25 hivi, kesi zao wizi, unyang'anyi, kupigana, bangi na unga. Mkataba ni mwaka mmoja unaweza kuongezwa. Nyumbani wameshagawanyika, mama anasema nenda, baba mdogo anasema mtoto wa kike jela unaenda kutafuta nini.

Mimi kwenda naenda, hilo nimeshaamua. Ninachotaka kujua ni kazi yenyewe ikoje siku kwa siku. Chuo tulifundishwa nadharia, tiba ya fikra na tabia, namna ya kusikiliza, maadili ya kazi, ila hakuna aliyetuambia unakaaje na mtu ambaye nyuma yake kuna askari kasimama na anajua kabisa wewe ukitoka hapo unaenda kunywa chai ofisini kwa mkuu wa gereza. Naanzia wapi? Nimuulize kosa lake au nisimuulize? Anachoniambia nakiandika wapi na nani atakisoma? Na je kuna mtu anabadilika kweli au tunaandika ripoti za wafadhili tu? Naombeni majibu hata kama ni makali.

Mzee wa Ustawi

Marahaba mwanangu. Mimi ni mstaafu wa ustawi wa jamii na sehemu kubwa ya utumishi wangu nilikuwa naingia na kutoka magerezani, kwa hiyo nitaandika kirefu, wanaosoma kwa simu mnivumilie.

Kwanza kabisa tofautisha mahabusu na mfungwa, maana wageni wengi wanapotelea hapo. Mahabusu hajahukumiwa, kesi yake bado iko mahakamani. Ukimkalisha ukamuuliza "enhe ilikuwaje siku ile" umemtia hatarini na umejitia na wewe mwenyewe, kwasababu wewe huna kinga aliyonayo wakili wake, akikuambia nilimchoma kisu unaweza ukaitwa kusimama kizimbani ueleze ulichosikia. Kwa hiyo kwa mahabusu kosa usiliguse kabisa. Ongea naye usingizi, hasira, mawazo ya kujiua, familia, unga kama anatumia, namna ya kuishi na watu selo moja. Kazi iko tele bila kugusa kesi. Mfungwa aliyehukumiwa ni habari nyingine, kwake lile kosa ndiyo kazi yenyewe, ila hata yeye muulize kwanza kama ana rufaa, kama ipo nenda taratibu.

Pili, siri. Usimuahidi mtu siri yote, utakuwa umemdanganya. Siku ya kwanza, kabla hata hajakuambia jina la mama yake, mwambie hivi: tutakayoongea yanabaki kwangu, isipokuwa ukiniambia unataka kujiua, unataka kumdhuru mtu, kuna mpango wa kutoroka, au kuna mtoto anaumizwa, hayo sitanyamaza. Mwambie kwa maneno mepesi halafu mwambie na yeye akurudishie kwa maneno yake usikie kama kaelewa. Utaona wengine wanapumua, maana mtu anayekutajia mapema mipaka yake ni rahisi kumwamini kuliko yule anayesema niambie kila kitu mimi ni kama dada yako. Na ofisini omba uelewano kabla hujaanza: askari akae mahali anapowaona lakini hasikii. Viongozi wengi wa magereza watakukubalia hilo ukiomba kwa heshima na ukaeleza sababu. Mkuu wa gereza akikuuliza fulani kasema nini, jibu ni moja, anaendelea kuhudhuria. Basi.

Nikupe kitu kimoja cha mkononi. Wengi utakaowakuta kusoma ni kwa shida, zile fomu za chuo zitakukwamisha. Mimi nilikuwa naingia na vizibo vitano vya soda, na vizibo navyo niliviombea kibali, maana kila kinachopita getini kinaandikwa. Naviweka kwenye benchi kwa mstari. Cha kwanza ni kilichotokea, cha pili ulichojiambia kichwani, cha tatu mwili ulivyojisikia, cha nne ulichofanya, cha tano kilichofuata. Kuna kijana alikuwa mtu wa ngumi, foleni ya chakula haiishi bila yeye kugombana. Tukachukua ugomvi wa juzi yake, kosa lililomleta tukaliacha kwanza. Kizibo cha kwanza, mwenzake kapita mbele yake kwenye foleni. Akaruka moja kwa moja mpaka cha nne, nikampiga na sahani. Hapo katikati anasema hakuna kitu, imetokea tu. Nikavichukua vile viwili vya katikati nikamuwekea kiganjani nikanyamaza. Akavigeuza geuza wee, mwisho akasema, nilijiambia huyu ananiona mimi boya. Na mwili je? Masikio yalipata moto. Basi kazi ikaanzia kwenye masikio. Tukakubaliana masikio yakianza kuchemka anaweka sahani chini, anakunja ngumi anaachia, anakunja anaachia, ndiyo afungue mdomo. Tukaigiza, mimi nikawa ndiye ninayempita kwenye foleni, tukarudia mpaka kikamchosha. Hakuacha ngumi siku hiyohiyo. Alikuja akaniambia mzee masikio yalichemka nikayasikia kabisa lakini nikapigana hivyohivyo, nikamwambia vizuri, zamani ulikuwa huyasikii, turudie. Ilichukua muda mrefu lakini zile taarifa za ugomvi kwenye foleni zikaacha kuja na jina lake.

Hiyo tiba ya fikra na tabia uliyosoma ndiyo hiyo. Mahubiri hayafanyi hiyo kazi, wala kumwambia mtu "badilika". Anajua anatakiwa kubadilika, kashaambiwa na mama yake, na mwalimu, na polisi, na hakimu.

Tabu Leo

Samahani wakuu naomba niseme jambo ambalo halitapendeza. Kaka yangu alivamiwa na vibaka usiku anatoka kazini, wakamkata mkono kwa panga, mpaka leo vidole viwili haviinuki na kazi ya ufundi ameacha. Waliokamatwa wako ndani wanakula, na sasa nasoma humu kwamba kuna mtu wa digrii atakaa nao kwenye benchi awasikilize hasira zao. Kaka yangu nani kamkalisha kwenye benchi? Sina nia ya kumvunja moyo huyu binti, ila mkiongea haya mambo mkumbuke na sisi tupo.

Mzee wa Ustawi

Tabu Leo pole sana wewe na kaka yako, na hoja yako siipunguzi hata kidogo. Aliyeumizwa kwetu akishatoa ushahidi anarudi nyumbani na maumivu yake na hakuna ofisi inayomfuata, hilo ni doa na linanichoma. Kaka yako anastahili huduma hiyohiyo, hospitali za rufaa za mikoa nyingi zina watu wa ustawi na afya ya akili, aende aombe kuonana nao, asisubiri kuitwa.

Ila fikiria na hili. Ukiondoa wachache wenye kifungo cha maisha au hukumu ya kifo, hao wote watatoka. Mwenye nidhamu anapunguziwa theluthi ya kifungo kwa sheria yetu. Siku moja atasimama stendi ya basi karibu na kaka yako au karibu na mwanangu. Mimi nilichokuwa najiuliza kila asubuhi ni atasimama pale akiwa nani. Na kwenye vikao sikukubali mtu aongee kosa lake kana kwamba aliyeumia ni yeye peke yake. Kuna kikao kizima nilikuwa nakitenga kwa ajili ya yule wa upande wa pili, alikuwa anatoka wapi usiku ule, nani alikuwa anamsubiri nyumbani, mkono ule alikuwa anaufanyia kazi gani. Hicho kikao wengi wanakikimbia kuliko adhabu yoyote.

Tabu Leo

Asante mzee. Nitamwambia kuhusu hospitali.

Kaunsela wa Pwani

Hamjambo jamaa, mimi niko huku Mombasa, kaunsela, nimefanya na walio rumande na pia wale wa vifungo virefu. Huku kwetu kwanza lazima usajiliwe, tuko na Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya 2014, kwa hivyo dada angalia huko kwenu chama cha taaluma yako kinataka nini kabla hujaingia, usije ukafika mahakamani uulizwe wewe ni nani.

Ndugu aliyeongea kuhusu kaka yake amegusa mahali penyewe. Huku afisa wa probesheni akiandaa ripoti ya mahakama huwa anaenda hadi kwa familia ya aliyeumizwa au aliyeuawa kuuliza maoni yao, na hiyo ripoti jaji anaisoma. Mimi nimewahi kukaa na mfungwa siku chache baada ya yeye kusikia kilichoandikwa kwenye hiyo ripoti na ndipo kwa mara ya kwanza akataja jina la marehemu. Miaka yote alikuwa anasema "ile kesi".

Lakini dada nataka nikuonye kuhusu matumaini, hii ndio sehemu ngumu zaidi kwa kazi yetu na vitabuni haimo. Desemba 2017 Mahakama ya Juu huku iliamua kesi ya Muruatetu, ikasema hukumu ya kifo ya lazima kwa kosa la mauaji ni kinyume cha katiba, kwamba jaji lazima asikilize kwanza hali ya mtu. Nyinyi mjue Kenya haijanyonga mtu tangu 1987, watu walikuwa wamekaa na hiyo hukumu miaka na miaka, 2009 Rais Kibaki akawabadilishia zaidi ya 4,000 ikawa maisha, sasa hii ya 2017 ikaja na mlango wa kurudi mahakamani kuhukumiwa upya. Gereza zima lilibadilika. Watu walianza kunyoa ndevu, kuandikia ndugu barua, kuomba vyeti vya useremala walivyosomea ndani. Wale wa wizi wa mabavu, ambao nao walikuwa na hukumu ya kifo, wakaanza kurudishwa kortini, wengine wakapunguziwa wakaenda nyumbani. Halafu Julai 2021 Mahakama ya Juu ikafafanua kwamba uamuzi ule ulihusu mauaji peke yake. Sasa fikiria wewe uko na kundi la watu kumi, nusu wao ni wizi wa mabavu, jana walikuwa wanapanga atakayewapokea na leo wamesikia kwa redio. Kuna aliyekataa kula. Kuna aliyechana makaratasi yake yote. Hapo hakuna mbinu, unakaa nao. Unakuja kesho yake, na kesho kutwa, ile saa uliyosema utakuja. Unaangalia nani amegawa vitu vyake, nani amenyamaza ghafla, nani anasema hataki tena wageni, na hao unawaambia wakubwa wa gereza bila kuchelewa.

Kwa hivyo kamwe usimwambie mtu "utatoka tu". Wewe si mahakama. Ongea naye kuhusu kile kilicho mikononi mwake wiki hii.

Niliyepita Humo

Mimi nachangia kutoka upande wa pili. Nilikuwa mahabusu kwa kesi ya mauaji, na wabongo mnajua kesi ya mauaji haina dhamana, unapanda karandinga kila baada ya wiki mbili unapelekwa mahakamani unaambiwa upelelezi haujakamilika unarudishwa, miaka inakatika. Mwisho Jamhuri ikasema haina nia ya kuendelea na shauri, nikaambiwa nenda nyumbani. Hivyo tu. Gereza silitaji na naomba msiniulize.

Dada Kilosa nikuambie ambayo hawa wakubwa hawawezi kuyajua wakiwa upande wao. Ukifika pale kwa mara ya kwanza ukasema nataka watu kumi wa kikao, wanaokuja ni watu wa nyapara. Nyapara, yaani mfungwa mwenzetu aliyepewa uongozi, ndiye anayepanga nani alale wapi, nani afagie, nani apate nafasi karibu na dirisha, na akiona kuna kitu kipya kina sabuni au daftari anapeleka watu wake. Yule kijana anayehitaji zaidi, yule asiyeongea, anayelala karibu na choo, hatakuja na hutamjua. Kwa hiyo omba orodha mwenyewe, omba kuona walioingia wiki hii, omba kuona wasiotembelewa na mtu. Halafu usimdharau nyapara, msalimie, mshirikishe, kwasababu ukimruka yule kijana ndiye atakayelipia usiku.

Jambo la pili sisi ndani tunakupima. Mtu atakupa kisiri kidogo cha uongo, halafu atasubiri aone kama kitarudi kwa afande. Wiki mbili tatu. Kikirudi umekwisha, hata uje na malaika. Kisiporudi siku moja utaona mtu anakuja anakaa anaanza kulia bila kuulizwa kitu.

Mimi aliyenisaidia alikuwa mama mmoja wa ushauri nasaha aliyekuwa anakuja Alhamisi. Hakuwahi kuniuliza kama niliua au sikuua. Mwanzoni nilichukia, nilitaka aniulize ili nimwambie sikuua. Baadaye nikaelewa kwamba yeye ndiye mtu pekee kwenye maisha yangu yote wakati ule ambaye hakuwa anasubiri hilo jibu. Alinifundisha kugawa siku. Asubuhi hadi uji, uji hadi chakula, chakula hadi kufungiwa. Kila kipande nilikuwa na kitu kimoja cha kufanya, kumsomea mtu barua yake, kufua, kuzunguka uwanja. Usiku wa kuamkia mahakamani alikuwa ameniambia niandae kichwani sentensi mbili, moja ya kujiambia wakisema upelelezi bado na nyingine wakisema kesi imefutwa, ili yoyote itakayokuja isinikute mikono mitupu. Ile ya kwanza niliitumia sana. Ile ya pili siku ilipofika sikuikumbuka hata neno moja.

Binti_Kilosa

Kaka Niliyepita Humo nimesoma mara tatu, asante kwa kuandika, najua siyo rahisi. Hilo la nyapara hakuna kitabu kingeniambia.

Wakuu nina maswali mengine. Mradi wanasema vijana wengi ni wa unga, mimi uzoefu wa arosto, yale mateso ya mwili mtu akikosa unga, sina, nifanyeje mtu akiwa kwenye hali hiyo mbele yangu? Na kuna mtu yeyote humu amefanya kwa upande wa wanawake? Halafu usalama wangu mimi kama mwanamke kwenye gereza la wanaume.

Muuguzi wa Kliniki

Nijibu la arosto. Nipo kwenye kliniki ya methadoni, dawa wanayopewa watu wa unga ili waache, huduma ambayo kwa hapa nchini ilianzia Muhimbili 2011 halafu ikasambaa. Mtu akiwa kwenye arosto, anatapika, anaharisha, mifupa inauma, makamasi, halali, hapo hana nafasi ya ushauri wowote kichwani, usimuwekee vizibo. Mpeleke zahanati ya gereza aonwe, anywe maji, na wewe mwambie tu kwamba yale makali yanapanda siku mbili tatu za mwanzo halafu yanashuka ndani ya wiki hivi, yeye anaona hayana mwisho. Kama pia alikuwa mlevi wa pombe wa kila siku mwambie mganga haraka, maana kuacha pombe ghafla kunaweza kuleta degedege na kuua, hilo watu wanalichukulia kirahisi mno.

Na sasa lile ninalotaka ulishike kuliko yote. Mtu akikaa ndani miezi bila unga mwili wake unasahau. Anatoka, washkaji wanampokea, anapiga kipimo kilekile cha zamani, anakufa siku hiyohiyo au wiki hiyohiyo. Wiki za mwanzo baada ya kutoka ndizo za hatari kuliko zote. Kwa hiyo kila kijana wa unga mwambie hili kwa uwazi kabla hajatoka, bila kumtisha na bila kuona aibu kwamba unamfundisha kutumia, na kama alikuwa kwenye methadoni au anataka kuanza, apate karatasi ya rufaa na jina la kliniki akiwa bado yuko ndani. Asiambiwe "ukitoka utafute". Hatatafuta. Kliniki dozi kwa kawaida inanywewa palepale dirishani kila siku, kwa hiyo angalia na anakokwenda kuishi kama pana kliniki ya kufikika, nauli ya kila siku ndiyo inayowaangusha wengi.

Afande Dada

Nipo magereza, upande wa wanawake, naongea kama mimi siyo kama msemaji wa jeshi.

Usalama kwanza. Kwa uzoefu wangu wafungwa wanaume watakulinda kuliko unavyodhani, hatari kubwa haitokani na kupigwa, inatokana na kuombwa. "Dada nipigie tu mama yangu." "Dada hii karatasi mpe mtu getini." Usibebe kitu, hata karatasi ndogo, hata kama roho inakuuma, kuingiza au kutoa kitu bila ruhusa ni kosa na utafungiwa mlango wewe na mradi wenu mzima. Mwenye shida ya kuwasiliana na nyumbani unapeleka jina lake ofisi ya ustawi mchana kweupe. Simu iache getini. Namba yako ya simu usimpe mtu wala usimwambie mtaa unaokaa. Vaa nguo ya heshima ambayo unaweza kutembea nayo haraka. Kaa karibu na mlango, na usimzibie yeye mlango pia, mtu aliyekaa ndani muda mrefu akihisi kazibwa anabadilika.

Wanawake sasa. Kwanza hawatembelewi. Mume akifungwa mke anabeba chakula kila Jumamosi, mke akifungwa mume anakuja mwanzoni halafu anapotea, baada ya muda unasikia kaoa. Watoto wamegawanywa kwa shangazi na bibi, na mama hajui nani yuko wapi. Kwa hiyo kikao cha kwanza na mwanamke karibu kila mara siyo kuhusu tabia, ni kuhusu mtoto yuko wapi na anakula nini. Shughulikia hilo kwanza, hata ikikuchukua wiki kadhaa za kumfuata mtendaji wa kijiji kwa simu ya ofisi. Wapo walioingia na vichanga, mtoto anakua ndani mpaka anaachishwa ziwa, na ile siku ya kumkabidhi mtoto kwa ndugu nje usipange kikao cha mtu mwingine yeyote.

Wapo pia waliopoteza mtoto kwa mikono yao wenyewe wakiwa hawajapona uzazi. Sheria yetu ya Kanuni za Adhabu kifungu cha 199 inatambua kwamba akili ya mama inaweza kuwa imevurugika kutokana na uzazi, kosa linahesabiwa kama kuua bila kukusudia. Ila yeye mwenyewe hajui hilo, anajiita muuaji, na wenzake selo wanamwita hivyohivyo. Hao ninakuomba uwatazame kwa jicho la hospitali kabla ya jicho lingine lolote. Na vilevile aliyeletwa kwa kujaribu kujiua, maana kwetu kifungu cha 217 bado kinalifanya kuwa kosa. Mtu amenusurika kufa halafu kapandishwa karandinga. Huyo usimsubirishe foleni ya vikao, muone siku hiyo aliyofika.

Kaunsela wa Pwani

Huku kifungu kama hicho cha kujaribu kujiua Mahakama Kuu ilikitupilia mbali Januari 2025. Tunaona tofauti tayari, mtu anapelekwa hospitali kwanza. Natumai na nyinyi mtafika.

Binti_Kilosa

Afande Dada nashukuru sana. Swali la mwisho na nitawaacha mpumzike. Shirika wanataka niunde makundi ya watu ishirini ishirini, mchanganyiko, walioiba kuku pamoja na wa unyang'anyi wa silaha, eti ili tufikie wengi ndani ya mwaka. Mimi moyo unasita lakini sina hoja ya kuwaambia.

Mzee wa Ustawi

Hoja unayo na ina jina, kanuni ya hatari, wataalamu wa Kanada akina Andrews na Bonta waliiandika vizuri tangu 1990 na imepimwa nchi nyingi baada ya hapo. Nguvu nyingi uziweke kwa yule mwenye hatari kubwa ya kurudia kosa, yule mwenye hatari ndogo mguse kidogo tu umuache na familia yake na kazi yake. Ukimchanganya wa kuku na wa silaha, wa silaha habadiliki ila wa kuku anapata walimu na namba za simu. Hilo siyo wazo langu, limeonekana kwenye tafiti, kama ilivyoonekana kwamba kuwapeleka watoto wa shule jela ili watishike kunawaongezea uhalifu badala ya kuwapunguzia, na bado kuna watu wanafanya.

Waambie hivi. Watu wanane mpaka kumi kwa kundi, ishirini ni mkutano wa hadhara. Vikao viwili kwa wiki ni bora kuliko kimoja, ukiweza. Wachague kwa kuangalia ni mara ya ngapi yuko ndani, alianza na umri gani, marafiki zake ni akina nani, ana kazi ya mikono au hana, anatumia nini. Wale wa makosa madogo ambao ni mara yao ya kwanza, badala ya kuwajaza kwenye kundi mkae na ofisi mwangalie nani anafaa kutumikia kifungo chake nje, tuna Sheria ya Huduma kwa Jamii ya 2002 kwa vifungo visivyozidi miaka 3, na maafisa wa uangalizi wapo. Wenye vifungo virefu mwangalie parole, yaani kuachiwa mapema kwa masharti, sheria yake ni ya 1994, mtu akishatumikia theluthi moja anaweza kufikiriwa ingawa siyo kwa makosa yote, na bodi inataka kujua atapokelewa na nani, atalala wapi, atafanya nini. Hiyo ripoti wewe ndiye unayeweza kuisaidia ofisi kuiandika vizuri, kwa sababu utakuwa umeshaongea na mjomba wake aliyeko Gairo na unajua kama shamba analosema lipo au halipo. Mimi nilikuwa nampigia anayempokea mara mbili, mara ya kwanza anasema ndiyo kwa aibu, mara ya pili anasema ukweli.

Usije ukakubali kupimwa kwa idadi ya waliosaini karatasi ya mahudhurio. Pendekeza mpimwe kwa vitu vinavyoonekana, adhabu za ndani zimepungua kwa waliohudhuria au hazijapungua, wangapi wametoka wakiwa na mahali pa kulala palipothibitishwa, wangapi wameonwa na mtu miezi mitatu baada ya kutoka. Wafadhili wenye akili wanaupenda mpango wa namna hiyo, na wasioupenda ni heri ujue mapema.

Na tafuta mtu wa kukusikiliza wewe, aliyekuzidi kwenye fani, nje ya hilo shirika, muwe mnaongea angalau mara mbili kwa mwezi. Usiku utakuwa unasikia sauti zao. Kibali chenu hakikisheni kimepitia kwa Kamishna Jenerali wa Magereza Dodoma, mkienda na barua ya mkoa peke yake mtarudishwa getini. Ukipata tarehe ya kuanza nitumie ujumbe, nina mwenzangu Morogoro aliyestaafu mwaka jana na hana shughuli nyingi, anaweza kukuchukua kwa hayo mazungumzo.

Niliyepita Humo

Mzee kama huyo mwenzako anahitaji mtu wa kuongea na vijana waliotoka mimi nipo Jumamosi zote. Nyumba ninayo, chai ipo. Wa kupokelewa ambaye mjomba wake kasema hapana mara ya pili mniulize.

Mzee wa Ustawi

Nimekuandikia sanduku la ujumbe sasa hivi, angalia.